Mpokeaji Hageuki

Kwanza nilisikia viatu. Vilikuwa akala, vile viatu vinavyokatwa kutoka kwenye matairi ya gari, na vilikuwa vikipiga mchanga nyuma yangu kwa mwendo ambao haukuwa wa mtu aendaye sokoni. Kisha nikasikia pumzi. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikatamka neno moja ambalo sikuweza kulipatia maana yoyote njema: "Mkono!"

Ilikuwa saa tisa mchana mjini Lodwar, wakati ambao hata mbuzi huwa wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa bado mgeni pale. Niliwaza, kwa utaratibu ambao ndio ugonjwa wangu, kwamba huenda mtu huyu anautaka mkoba wangu, au huenda ananionya kuhusu nyoka, au huenda mkono anaouita ni wa mtu mwingine kabisa. Kabla sijafikia uamuzi, miguu ilikuwa imeshaamua. Nilimpita muuza makaa, nikawapita akina mama wenye vikapu vya majani ya mkoma, sketi ikininyima hatua, na ile sauti ikazidi kusogea, bila hasira, ikisisitiza tu kama mwalimu wa hesabu: nyoosha mkono nyuma, mama, usigeuke, usigeuke.

Niligeuka. Mbele yangu alisimama mzee mwenye kifua kama pipa, kofia ya kitambaa kichwani na filimbi shingoni, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Mkononi mwake ilikuwamo simu yangu, ambayo nilikuwa nimeisahau kwenye meza ya duka.

"Umegeuka," akasema.

Nilimweleza kwamba nilisikia mtu akinikimbiza.

"Ndiyo. Mtu akikukimbiza na kitu chako, unatoa mkono na unaendelea na safari. Sasa tuangalie. Tumesimama wote wawili kwenye jua, na simu haijafika."

Akaniomba turudie. Sijui hadi leo kwa nini nilikubali. Nilirudi nikaanza kutembea, naye akarudi nyuma hadi kwa muuza makaa, akaja tena na akala zake, akaita, nami nikatoa mkono nyuma huku nikitazama mbele kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Simu ikatua kiganjani bila kishindo. Yeye akanipita, akaenda zake. Muuza makaa akanipigia makofi na kuniambia kwamba mara ya kwanza yeye mwenyewe alianguka.

Hivyo ndivyo nilivyojuana na mtu ambaye mji mzima ulimwita Kocha.

Nilikuwa nimefika Lodwar na tasnifu ya uzamili iliyorudishwa. Mtahini alikuwa ameandika kwamba kazi yangu ina tanbihi nyingi kuliko hoja, na siku ya kuitetea, aliponiuliza swali jepesi kuliko yote, kwamba kwa ufupi nimegundua nini, nilipekua tanbihi zangu mpaka mwenyekiti akaagiza niletewe maji. Tangu siku hiyo kila sauti ya ghafla ilinishtua. Nilipata kazi ya muda katika chuo cha ufundi, nikatafuta chumba, na chumba kilichopatikana kilikuwa ndani ya ua wa Kocha. Nilikuwa nimejiapiza kumkwepa mzee yule maisha yangu yote, na sasa tulitumia bomba moja la maji.

Alikuwa afisa wa michezo mstaafu, mmoja wa wale watumishi wa serikali walioletwa Turkana kutoka magharibi mwa nchi wakiwa vijana, wakalalamikia joto, wakaomba uhamisho, kisha uhamisho ulipokuja wakaukataa. Mchezo wake ulikuwa mmoja: mbio za kupokezana vijiti. Mbio nyingine zote aliziona kuwa mazoezi ya kujiandaa kwa hizo. Kila jioni alishuka kwenye laga, ule mto mkavu unaokatiza mji, akiwa na kipande cha bomba la plastiki alichokikata kutoka kwenye pampu iliyoharibika, akawapanga watu wanne wanne mchangani. Kanuni yake aliisema kwa sauti ileile ambayo wengine huitumia kusali. Anayekuja na kijiti ndiye huita. Anayepokea hasemi, haulizi, hageuki. Wa kwanza hubeba kwa mkono wa kulia, wa pili hupokea kwa kushoto, wa tatu kwa kulia, wa nne kwa kushoto, na atakayebadilisha mkono njiani atakuwa amelipotezea taifa muda.

Kazi haikuwa rahisi. Watoto wa wafugaji hukua na fimbo mkononi, na fimbo ya mtu ni ya mtu. Mama, mkewe Kocha, ambaye sote tulimwita hivyo, alinisimulia kwamba katika mashindano yake ya kwanza timu ya Kocha iliongoza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye mstari wakafika wakimbiaji wanne, kila mmoja akiwa ameshika kijiti chake. Walikuwa wameona ni ujinga kumpa mwenzako fimbo wakati miti ipo. Kocha alitumia mwaka mzima kuwashawishi vijana kwamba kutoa fimbo si kunyang'anywa. Baadaye waliielewa hoja hiyo kupita kiasi, wakaanza kupokezana hata mbuzi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia mbio za vijiti hata siku moja. Niligundua hilo kwenye picha iliyotundikwa sebuleni: kijana mwenye kifua kilekile amesimama peke yake ndani ya duara, tufe shingoni. Nilipomuuliza, alisema kwamba tufe ni mchezo wa kusikitisha. Unakitupa kitu kwa nguvu zako zote na hakuna mtu upande wa pili wa kukidaka.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa hodari wa kukabidhi. Alipostaafu, alipaswa kumpa afisa mpya ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo. Afisa mpya, kijana mpole aliyehamishwa kutoka Kapedo, alifika ofisini akiwa na barua, akanyoosha mkono. Kocha akamwambia ageuke atembee. Kijana akatembea, Kocha akaja nyuma, akaita, na kijana akageuka. Walirudia. Kijana akageuka tena, kwa sababu alitaka kuuona ufunguo anaopewa. Jambo hilo liliendelea, kwa mujibu wa Mama, kwa misimu kadhaa, na mimi mwenyewe nilimwona kijana yule akivizia sokoni, akitembea polepole mbele ya Kocha, mkono umetoka nyuma, jasho likimtiririka. Ufunguo haukuwahi kumfikia. Mwishowe ofisi ilibadilisha kufuli.

Kanisani alikuwa mzee wa sadaka, na kikapu alikipitisha kutoka benchi la nyuma kuja mbele. Waumini wa kawaida walikuwa wameshazoea kunong'onezewa "mkono" katikati ya wimbo. Wageni ndio waliopata taabu. Mhubiri mmoja aliyekuja kutoka Lowarengak, ambaye aliombwa aketi kwanza na washarika, alihisi kitu kimetua kiganjani, akafumba macho, akatangaza kwamba amepokea. Kanisa likaitikia amina. Kocha akasimama nyuma yake akingoja kikapu kisonge mbele, na kikapu hakikusonga mpaka ibada ikaisha.

Hayo yalikuwa mambo ya nje. Nyumbani kulikuwa na sheria nyingine, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Ndani ya nyumba ya Kocha, chochote ulichopewa na aliyekuzidi umri ulikipokea kwa mikono miwili, umemgeukia, goti limepinda kidogo, ukasema asante. Ndivyo walivyolelewa yeye na Mama huko kwao, na ndivyo walivyomlea kila aliyeingia mlangoni. Aliyepokea chai kwa mkono mmoja aliinywa ikiwa imepoa, kwa sababu Mama aliishikilia mpaka adabu ipatikane. Mkono wa kushoto, ambao nje ulikuwa nusu ya mafanikio ya taifa, ndani ulikuwa tusi.

Mpaka kati ya sheria hizo mbili ulikuwa kizingiti. Nilimuuliza Kocha, kwa unyofu, mtu afanye nini akipewa kikombe wakati yeye yuko nje na anayempa yuko ndani. Aliondoka na swali langu. Baada ya siku kadhaa aliniita kutoka dirishani kwake.

"Msomi," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu aliposikia habari za tasnifu, "usipokee chai mlangoni."

Kati ya watu wote niliowafahamu, ni mmoja tu aliyezimudu sheria zote mbili. Nakiru alizaliwa Lopur, karibu na Kakuma, akaletwa katika ua ule akiwa msichana mdogo ili asome Lodwar, na akabaki kama binti wa nyumba. Kwenye laga mkono wake wa kushoto ulitoka nyuma kama mlango unaofunguliwa na upepo, kiganja wazi, kidole gumba chini, na hakuna kitu duniani ambacho kingemfanya ageuke. Vijana walijaribu kumwita kwa jina, walijaribu kumpigia kelele za ng'ombe aliyepotea. Kisha alipanda ukingo, akaingia uani, na alipovuka kizingiti akawa mtu mwingine, macho chini, mikono miwili, goti. Alivibadilisha vitu hivyo kama mtu anayevua viatu. Nilimtazama mara nyingi nikitafuta sekunde ambamo badiliko hilo hutokea, na sikuwahi kuipata. Kocha hakumsifu hata mara moja mbele ya watu. Alisema kwamba mpokeaji akisifiwa atageuka kuona ni nani anayemsifu.

Nakiru alichaguliwa katika timu ya taifa ya kupokezana vijiti, wanawake wanne, kila mmoja mita mia moja, kwenda kwenye michezo ya mataifa ambayo ina kila aina ya mchezo, kuanzia masumbwi hadi upanga. Siku ya kuondoka kwenda kambini Nairobi, Kocha alimkabidhi begi lake kwa kumkimbilia nyuma mpaka kwenye basi. Mama alilia. Kocha alimwambia Mama kwamba ilikuwa makabidhiano safi.

Katika michezo hiyo timu yetu ilifanya kama inavyofanya siku zote. Mabondia walirudi mapema na macho yaliyovimba. Mwogeleaji wetu alimaliza, na tulishukuru. Wakimbiaji wa masafa marefu walileta medali, moja baada ya nyingine, na kila wimbo wa taifa ulipopigwa Kocha alisimama kwa heshima, akamaliza beti, kisha akatoka nje kunywa chai yake. Alisema wale ni watu binafsi waliovaa rangi moja. Taifa, alisema, linapimwa pale ambapo kitu kinatoka kwenye mkono huu kinaingia kwenye mkono ule, na taifa letu, kila alipolitazama, lilikuwa likiangusha. Timu ya Nakiru ilipoingia fainali, mzee yule hakula chakula cha jioni. Kulikuwa na matumaini ya shaba.

Siku ya fainali umeme wa Lodwar ulikatika asubuhi na haukurudi. Kwa hiyo Kocha na mimi tulikwenda Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi, kwenye nyumba ya chai ya Mama Achol, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na sola, dishi na televisheni kubwa kuliko mlango iliyopitia. Nakiru alipokuwa mdogo ndiye aliyemletea maziwa kutoka Lopur kila asubuhi, na Mama Achol alimhesabu kuwa wake. Alituamkia kwa Kiturkana, "ejok," akaitikiwa "ejok noi," akatutengea viti vya mbele. Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwapo Wakongo, Wasomali, Wasudani, Waturkana wenye vigoda vyao, vijana wenye Sheng yao, na Kocha akawaomba wote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nchi yake ya kuishangilia, waiazime nchi yetu sauti zao kwa muda wa mbio moja. Walikubali. Kinyozi mmoja Mkongo alisema kwamba kwao hawakupeleka timu hiyo, kwa hiyo moyo wake ulikuwa bure.

Lazima nieleze jambo ambalo tulilijua baadaye tu. Katika mazoezi yote, Nakiru, ambaye alikuwa mkimbiaji wa nne, alipokea kijiti kutoka kwa msichana wa rika lake. Asubuhi ya fainali msichana huyo aliumia paja. Nafasi ya tatu ikachukuliwa na kapteni wa timu, askari, mama wa watoto wakubwa, ambaye huko kambini ndiye aliyewagawia wenzake chai kila jioni. Na kila jioni Nakiru alikuwa ameipokea chai ile kwa mikono miwili.

Bunduki ikalia. Wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili akapokea kwa kushoto, na nikamsikia Kocha akisema "kushoto" kwa sauti ya chini. Wa tatu, Kapteni, akapokea kwa kulia, na Kocha akasema "kulia." Walitoka kwenye kona wakiwa wa tatu. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama na sufuria ya Mama Achol ilikuwa ikichemka peke yake. Nakiru akaondoka pale alipopaswa kuondoka. Mkono wa kushoto ukatoka nyuma, kiganja wazi, gumba chini. Kapteni akaita.

Na Nakiru akageuka.

Hakugeuka kwa hofu. Aligeuka kama binti aliyeitwa na mkubwa. Alisimama, akaileta mikono yake miwili pamoja, akapinda goti, akakipokea kijiti. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko nilivyoisoma tasnifu yangu, kwa mwendo wa polepole na kwa mwendo wa kawaida, na sina shaka tena kwamba midomo yake ilitamka asante. Na Kapteni, jambo ambalo watu wengi hawalioni, alitikisa kichwa kuitikia. Kisha Nakiru akageuka mbele na kukimbia kama mtu ambaye nyumba yake inaungua, akampita mmoja, akamaliza wa saba.

Sufuria ya Mama Achol ikafurika.

"Ule mtoto," akauliza kinyozi Mkongo kwa upole, "iko anasalimia?"

Kijana mmoja nyuma alisema kwa Sheng kwamba manzi wa Kocha amehang, yaani msichana wake amekwama. Mama Achol akamwonyesha mwiko, na kijana akaketi.

"Mtoto hii," Mama Achol akatuambia sote, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake, "mtoto hii amelelewa."

Kocha alitoka nje. Nilimkuta amesimama ukutani, kofia mkononi, akiitazama barabara ya Lopur. Alisema kwamba mkimbiaji wa nne ni kushoto. Alisema hivyo mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akanigeukia.

"Lakini umeona goti?"

Nikamwambia nimeliona.

"Sijawahi kuona goti zuri kama lile," akasema, akavaa kofia, tukaanza safari ya kurudi Lodwar.

Timu ilirudi na medali za kutosha, na hakuna anayezikumbuka. Kilichobaki ni ile video. Watu waliiigiza harusini. Wakuu wa michezo walieleza kwamba kulikuwa na upungufu wa maandalizi ya kisaikolojia. Lodwar, vijana walipomwona Kocha akipita, walipokea chapati kwa muuzaji kwa kupiga goti, wengine kwa kejeli na wengine, nadhani, kwa kuwa walianza kuona ni jambo zuri. Yeye alipita bila kugeuka. Nakiru alibaki Nairobi. Hakuja nyumbani, wala hakupiga simu uani.

Mama alimwambia mumewe ampigie mtoto. Alimwambia wakati wa chai, wakati wa maombi, na kupitia ukuta. Jibu lilikuwa lilelile, na lilikuwa na mantiki ambayo mimi, kwa bahati mbaya, niliielewa. Nakiru ndiye aliyekimbia mara ya mwisho. Kijiti kiko kwake. Anayekuja na kijiti ndiye huita. Yeye Kocha amekwisha kunyoosha mkono, na mpokeaji hasemi, haulizi, hageuki.

Nilihama ua ule muda mfupi baadaye, chuo kiliponipa nyumba. Nilikuwa nimeanza kuiandika upya tasnifu yangu, na kila nilipoongeza tanbihi nilimsikia mtahini akiuliza nimegundua nini. Kwa miezi mingi nilimwona Kocha kwa mbali tu.

Kisha chuo kikanituma Kakuma kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo, na nikapita kwa Mama Achol. Aliniketisha, akanipa kahawa ya tangawizi, akaniambia habari ambayo sikuijua. Nakiru humpigia yeye kila Jumapili. Wateuzi wanataka kumrudisha kwenye timu ya vijiti. Kapteni mwenyewe amemwombea. Lakini Nakiru amewaambia walifute jina lake, na kesho asubuhi orodha inafungwa. Hatakimbia tena na hatarudi Lodwar mpaka Kocha aseme neno.

"Mimi nasema yeye, pigia mzee," Mama Achol akaeleza. "Yeye nasema hapana, mama. Kocha ndio alikuja na kijiti tangu mimi kidogo. Yeye ndio anaita. Mimi iko na mkono nyuma."

Nilirudi Lodwar na jambo hilo kichwani. Niliwaza kwamba kulikuwa na wapokeaji wawili kwenye uwanja mmoja, kila mmoja anatazama upande wake, kila mmoja amenyoosha mkono nyuma kwa ufundi usio na dosari, na kati yao hapakuwa na kijiti chochote. Niliwaza kama ni adabu kuingilia. Niliwaza kama mtu wa tatu ana mkono gani. Nilikuwa nimeandika ujumbe kwa Nakiru na kuufuta, nikauandika na kuufuta, na ninaona haya kusema kwamba toleo moja lilikuwa na tanbihi.

Nilimkuta Kocha kwenye laga jua likiwa limeanza kupoa. Alikuwa peke yake. Alikuwa akikimbia polepole na kipande chake cha bomba, akiuendea mti wa mswaki uliojitokeza ukingoni, akiita, akiliweka bomba kwenye tawi. Kisha alikwenda upande wa pili wa mti, akanyoosha mkono nyuma, akangoja. Alikuwa amekonda, na kifua kile kilikuwa kimeshuka kidogo. Alingoja muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuuonea mti huruma.

Nilimwamkia. Nilimwambia yote, bila kutanguliza utangulizi: kwamba Nakiru anangoja yeye aite, kwamba orodha inafungwa kesho.

"Dunia nzima iliona ni nani aliyepokea kijiti, Msomi," akasema akiwa bado ameutazama upande wa mbele. "Nitamwitaje mtu nikiwa mikono mitupu?"

"Basi mnangojeana, Mzee."

"Ndiyo. Na mimi ni mzee. Sijui nitanyoosha mkono huu mpaka lini."

Aliondoka akitembea kuelekea mjini, mgongo kwangu. Mimi nikabaki karibu na ule mti, bomba likiwa limeegemea tawi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuorodhesha chochote. Nikatoa simu, nikapiga.

"Dada?" Sauti ya Nakiru ilikuwa ileile, ikiwa na kelele za kambi nyuma yake.

"Nakiru, usiseme kitu," nikamwambia. "Toa mkono."

Nikaanza kukimbia. Nilikimbia vibaya, sketi ileile, mchanga ukimeza viatu, simu ikiwa mbele yangu kama kitu cha moto. Kocha lazima alizisikia hatua, maana nilimwona akinyoosha mgongo na kuongeza mwendo, kama inavyotakiwa.

"Mkono!" nikaita.

Mkono wake wa kushoto ulitoka nyuma. Kiganja wazi, gumba chini. Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu ulipositasita, ukashuka. Kocha akasimama. Akageuka. Mzee yule, aliyekuwa na umri wa kunizaa, alileta mikono yake miwili pamoja, akapinda goti pale mchangani, akaipokea simu.

"Asante, mama," akaniambia.

Kisha akaiweka sikioni. Nilimsikia Nakiru akiita kutoka mbali, Kocha, Kocha, uko? Aliita mara nyingi.

"Ilikuwa kushoto, mama," akasema mwishowe.

"Najua, Kocha. Lakini alikuwa mkubwa kwangu."

"Najua." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Wapigie leo hii, waambie wakuweke wa tatu. Wa tatu hupokea kwa kulia."

Sauti ya Nakiru ikaja, ndogo, kama ya mtu aliyesimama mlangoni.

"Na goti, Kocha?"

Akaligeuzia kisogo jua, akaitazama laga yote tupu kama mtu anayepima umbali.

"Goti," akamwambia, "ni baada ya mstari."